Zip, gzip au xz: nibane kwa ipi kumbukumbu za bei za mazao?

Mzabibu_Dom: Wakuu, habari za jioni. Natunza bei za mahindi, mtama na alizeti za soko la Kibaigwa, faili za CSV (jedwali la maandishi matupu) za miaka sita, pamoja na picha za stakabadhi. Folda nzima GB 1.3. Kila mwisho wa mwezi naituma kwa mwenzangu Mpwapwa, na bando linakata kabla haijafika. Natumia Linux. Ili ipungue ukubwa, nibane kwa programu ipi: zip, gzip au xz?

Alizeti_Singida: Kwanza angalia nani anakula nafasi. Ingia kwenye folda uandike `du -sh *`.

Mzabibu_Dom: Picha GB 1.1. CSV MB 200.

Alizeti_Singida: Basi hapo ndipo penye tatizo. Picha za JPEG zimeshabanwa tangu kwenye kamera, hakuna kati ya hizo tatu itakayozipunguza kwa maana. Punguza vipimo vya picha yenyewe. Tengeneza folda `ndogo`, kisha `mogrify -path ndogo -resize 1600x *.jpg` (mogrify ni amri ya ImageMagick). Usisahau `-path`, bila hiyo picha ndogo zinachukua nafasi ya zile za asili.

Fundi_Nkuhungu: Kwa CSV mimi ni mtu wa xz. Fikiria tar kama gunia: inakusanya tu, haibani. Anayeshindilia ni gzip au xz. Gzip ya mwaka 1992 ikitafuta maneno yanayojirudia inatazama nyuma KB 32 tu. Xz kwa kawaida yake inatazama hadi MB 8. Faili zako zinarudia "Kibaigwa, mahindi, gunia" maelfu ya mara, kwa hiyo xz itakupa faili dogo zaidi:

`tar -cJf bei.tar.xz csv/`

Gharama yake ni muda. Na usikimbilie `-9`, kiwango cha juu kabisa cha kubana, maana kinataka RAM ya takriban MB 674. Kwenye kompyuta ya RAM ndogo utaona kila kitu kimeganda.

Mwalimu_Kondoa: Fundi, nakuheshimu, lakini umesahau kumuuliza anayepokea anatumia nini. Mzabibu, mwenzako ana Windows?

Mzabibu_Dom: Ndiyo Mwalimu, ya zamani kidogo.

Mwalimu_Kondoa: Basi mpe zip. Ataibofya mara mbili ifunguke, hana haja ya kusakinisha chochote. `zip -r bei.zip csv/`. Itakuwa kubwa kuliko xz, maana zip inabana kila faili peke yake, lakini faili asiloweza kulifungua bado amelilipia bando.

Fundi_Nkuhungu: Kwa mpokeaji huyo nakubali, Mwalimu. Xz Mzabibu abaki nayo kwa nakala yake ya akiba.

Binti_Chamwino: Kaka Mzabibu, shika na haya, yalinitoa machozi. `gzip bei.csv` inaondoa faili la asili na kuacha `bei.csv.gz`. Ukitaka yabaki yote mawili, weka `-k`. Kwenye tar, neno linalofuata `f` ndilo jina la kifurushi. Niliwahi kuandika `tar -czf januari.csv februari.csv` nikidhani nimetaja faili mbili za kufungwa. Tar ikaandika kifurushi juu ya Januari, data ya mwezi mzima ikapotea. Na ukiandika `-cfz` badala ya `-czf`, utapata faili linaloitwa `z`, tena halijabanwa. Kabla ya kufuta chochote, tazama ndani kwa `tar -tf`.

Alizeti_Singida: Halafu kwa nini utume miaka sita kila mwezi? Ya nyuma si anayo? `find csv -name '*.csv' -mtime -31` itakuonyesha zilizobadilika ndani ya mwezi.

Mzabibu_Dom: Mrejesho. Faili mpya zilikuwa nne tu. Nimezifunga kwa zip pamoja na picha zake zilizopunguzwa, nikajaribu `unzip -t` ikasema hakuna kosa. Jumla MB 9. Mwenzangu amepokea saa tatu usiku kwa mtandao uleule, na amefungua. Miaka sita nimeibana kwa xz, iko kwenye flashi. Binti, nimetumia `tar -tf` kabla ya kugusa kitu. Asanteni sana.