Mnaotengeneza zana za madeveloper, sisi wa bando mnatuona au hamtuoni?

Wakuu salaam. Naandika kutoka Tanga, Makorora, na nimechukia kwelikweli, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka.

Kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya kompyuta, sanasana mifumo midogo ya maduka, famasi, saccos na shule, ndo inayonilipia pango na ada za watoto. Sina ofisi yenye faiba na jenereta nyuma, nina laptopu, nina simu ya kuwashia hotspoti na bando ninalojiunga kwa hela yangu mwenyewe. Na linaloniuma ni hili: zana tunazotumia kwenye hii kazi saivi zinatengenezwa na watu ambao hawajawahi kununua bando maishani mwao, na kila mwaka wanazidi kutusahau.

Leo Jumamosi nimekaa kufanya marekebisho madogo kabisa, mteja anataka jina la muuzaji litokee kwenye risiti, kitu cha nusu saa halafu niende zangu Mkwakwani kuangalia mpira. Nafungua edita, ile programu ya kuandikia kodi, kumbe ina toleo jipya na imeshaanza kulishusha yenyewe bila kuniuliza. Nafungua mradi, kifurushi kimoja (sio cha bando, nasema vile vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine tunavyovitegemea) kimebadilika, kinaita wenzake, na wale wenzake nao wana wenzao. Chombo cha tatu kinagoma hata kufunguka mpaka nilogini upya kwa kuwa kibali kimeisha muda, na kulogini kunataka mtandao, na mtandao wenyewe ndo huo wanagombania wale wawili wa kwanza. Mara meseji hiyo inaingia, bando limeisha. Sijaandika hata mstari mmoja! Matokeo ya mpira nimemuulizia jirani.

Pigeni hesabu na nyie. GB 1 ni kama megabiti 8,000. Mtandao ukikupa megabiti 1 kwa sekunde, na jioni watu wakisharudi majumbani huku ni kitu cha kawaida, hiyo GB 1 ni saa mbili na zaidi, hapo haujakatika katikati ukaanza upya. Sasa mtu amekaa huko aliko ameamua apdeti iwe kila mwezi, tena faili zima, kwa sababu kwake inashuka kabla hajamaliza kunywa maji.

Na uzito wenyewe unatoka wapi? Wengi mnajua ila hatusemi. Programu nyingi za siku hizi za kwenye kompyuta zimejengwa kwa Electron, maana yake kila moja inakuja na brauza yake nzima ndani, Chromium kamili, na Node.js ya kuendeshea JavaScript juu yake. Hata programu isiyofanya chochote zaidi ya kuandika neno moja kwenye skrini inavuka megabaiti 100. Ukiwa na edita, na programu ya kuchati na timu, na ya kujaribia API, yaani njia ambazo mifumo inaongea yenyewe kwa yenyewe, hapo una brauza tatu zinatembea pembeni ya ile brauza yako ya kawaida, laptopu inaunguruma kama inataka kupaa. Sababu yao naielewa, wanaandika mara moja wanauza kwa wa Windows, wa Mac na wa Linux. Sawa, wameokoa mishahara. Ila ile gharama haijafutika jamani, wameitoa kwao wakaihamishia kwenye ramu yangu na bando langu.

Halafu kuna hili la vifurushi. Machi 2016 mtu mmoja aligombana na wenye npm, lile ghala la mtandaoni tunakochukulia vifurushi, kuhusu jina la kifurushi, akaondoa kazi zake zote, na kimojawapo kilikuwa left-pad, mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Miradi dunia nzima ikagoma kujengeka mpaka wakakirudisha. Mistari 11! Kitu ambacho mwanafunzi wa wiki ya pili anakiandika mwenyewe. Ungedhani baada ya hapo watu wangepunguza utegemezi, wapi, saivi unaanzisha ukurasa mtupu wenye kitufe kimoja unaambiwa subiri kwanza tushushe mamia ya vifurushi.

Mnaosema "kaka nunua mashine nzuri, vuta faiba", nawajua na mnakuja. Mimi nikijikaza nitavuta. Ila mimi sio wa kunionea huruma kwenye huu uzi. Kuna vijana wanakuja kwangu kujifunza, wa Pongwe, wa Muheza, wa Pangani, kijana amejichanga na mama yake amenunua laptopu ya mtumba ya ramu GB 4, anataka kutengeneza app za Android kwa sababu simu ndo watu walizonazo. Maelezo ya wenye zana yenyewe, Android Studio, yanasema ramu ya chini kabisa ni GB 8, na ukitaka na emyuleta, ile simu ya bandia ya kujaribia app ndani ya kompyuta, ni GB 16. Anawasha, mashine inaganda, anasubiri, anazima, anawasha tena. Anashusha vitu vya Gradle, chombo kinachokusanya vifurushi na kuijenga app, kwa bando la wiki, linaisha siku ya kwanza, na mradi haujafunguka hata mara moja. Akirudi kwangu hasemi kwamba zana ni nzito, ananiambia "bro nadhani hii fani sio ya kwangu, inataka watu wenye akili." Hapo ndo damu inachemka. Kijana ana akili timamu, hesabu anazipiga kichwani kunishinda, anatoka kwenye fani kwa sababu kuna mtu alikuwa mvivu kupunguza ukubwa wa faili.

Na msiniambie haiwezekani. Inawezekana, na ushahidi tunautumia kila siku.

Chukua Git, chombo cha kutunzia kodi na historia ya mabadiliko yake. Mwaka 2005 watu wa Linux walikuwa wanatumia chombo cha kampuni moja kutunzia kazi zao, BitKeeper, mwenye nacho akasitisha ule utaratibu wa kuwapa bure. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaandika chake, na akakiandika kila mtu awe na nakala nzima ya historia kwenye mashine yake. Ndo maana Mei 2024 zile nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika na nchi ikabaki na mtandao wa kuchechemea, kazi yangu kwenye Git iliendelea kama kawaida, natunza, narudi nyuma, nalinganisha, mtandao wa nini? Kilichonifia siku ile ni vile vyombo vya kisasa vinavyotaka kupiga simu nyumbani kwanza, yaani kuwasiliana na seva ya aliyevitengeneza, ndo vikubali kazi. Hivi nyie mmeshaona jembe linalogoma kulima mpaka mhunzi apigiwe simu?

Chukua SQLite, programu ya kuhifadhia data. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 akiwa kwenye kazi ya meli ya kivita ya Marekani, shida ilikuwa seva ya data ikizima basi programu nzima inakataa. Akatengeneza kitu kisichohitaji seva, faili moja tu. Haifiki hata megabaiti moja, iko kwenye kila simu ya Android mliyoshika hapo, na ni bure kabisa.

Na Vim, edita ya kuandikia kodi, hii mimi naipenda kwa moyo wote. Bram Moolenaar aliitoa 1991, mpaka alipofariki 2023 alikuwa bado anaihudumia. Ukiifungua tu inakuomba usaidie watoto maskini wa Uganda, kwa sababu mwenyewe alishafika Kibaale, hukohuko Uganda, akaishi nao, akajua hali yao. Megabaiti chache, inafunguka papo hapo kwenye mashine yoyote ile. Aliyeitengeneza alikuwa Mholanzi, ila kuna watu wa hali zetu aliwaona kwa macho yake. Hawa wa saivi mbona hawataki kutuona?

Nisiishie kwa wazungu tu lakini, maana huku nyumbani nako kuna watu wa kuambiwa ukweli. Kuna famasi moja Muheza waliuziwa mfumo na developer wa kwetu kabisa, Mtanzania mwenzangu, mfumo wote uko kwenye seva ya nje ya nchi. Mtandao ukiyumba dada wa dukani hawezi kuuza hata panado. Nimeshuhudia mama amembeba mtoto ana homa, dawa iko kwenye shelfu, hela iko mkononi, wote wanaangalia kiduara kinazunguka kwenye skrini. Ikabidi dada aandike kwenye daftari, usiku aje aingize mauzo moja moja. Sasa mfumo umemsaidia nini huyu mtu? Mwenye duka ameniita nimjengee mwingine, nimeuweka kwenye mashine yake mwenyewe, data iko hapohapo, mtandao ukipatikana usiku unatuma nakala. Hakuna uchawi wowote hapo, na siuzi maajabu. Mwenzangu alikuwa na uwezo wa kufanya hivyo, ila alijifunzia kwenye video za watu wa California akabeba kila kitu kama kilivyo, akakishusha Muheza.

Jamani mnaotengeneza mifumo hapa nchini, mnajua kabisa wateja wenu wana simu za aina gani. Fungua ukurasa wako kwa simu ya bei ndogo, ukae Mabanda ya Papa saa moja jioni, uone. Kama kuangalia bei ya bidhaa moja kunakula megabaiti tano za JavaScript, ile kodi inayoendesha ukurasa, ujue unamkata mteja hela kabla hajanunua.

Hizi za akili mnemba za kukuandikia programu ndo zimezidisha. Kila ukigusa kibodi inatuma na kupokea, malipo dola 10 au 20 kwa mwezi, kadi yako ya benki ikikataliwa basi. Sizikatai, zinasaidia, ila naona edita zinaanza kujengwa kana kwamba bila hizo hamna kazi, na mtandao ukizima unabaki na kidirisha kimenuna.

Hili la mapumziko nalo msilichukulie poa. Kazi nzito nyingi, ile ya kushusha na kuapdeti, watu wa huku tunaifanya usiku wa manane kwa bando za usiku kwa sababu ndo za bei nafuu. Mchana unafanya kazi, usiku unalinda kimstari cha asilimia kisirudi sifuri. Jumapili unatakiwa uende Raskazone ukaogelee na watoto, au ukae barazani na wazee wanacheza bao, macho yamevimba unasinzia. Mke wangu ananiuliza kwani hiyo kompyuta inafanya kazi lini kama kila siku iko kwenye matengenezo. Sikuwa na jibu la kumpa.

Sasa wagosi mlioko huku. Nina hadidiski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Nimeshaanza kuweka nyaraka za kusoma bila mtandao, zile za DevDocs na Zeal, na nakala ya Stack Overflow, ule mtandao wa maswali na majibu ya madeveloper, inayosomeka bila mtandao kwa programu ya Kiwix, na akiba ya vifurushi vya npm na Gradle vinavyotumika sana. Natafuta mtu mwenye faiba ofisini hapa mjini, Chumbageni, Ngamiani, popote, akubali tushushe usiku vile vikubwa, gharama tutachangia. Mwenye kijana anayejifunza amlete na flashi yake anakiliwe bure. Mlioko Korogwe, Lushoto na Pangani nitumieni flashi kwa basi, nitaijaza nairudisha kwa basi hilohilo. PM iko wazi, kuanzia kesho mchana.