GPS na gari la kukodi Italia: naomba uzoefu wenu

Kutoka Leicester

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Wakubwa shikamooni.

Shule zikifunga tunakwenda Italia siku nane: mimi, baba watoto, watoto wawili na mama mkwe aliyetoka Tanga, viza yake imeshatoka. Tunashuka Pisa, tunachukua gari la kukodi, tunalala Florence siku tatu, halafu tunahamia shamba moja upande wa Siena. Sitaki kumzungusha mtu mzima garini huku tunatafuta hoteli. Hapa Uingereza nikishaingiza postikodi kwenye simu nimemaliza kazi. Huko mambo yakoje? Na kuendesha upande wa kulia sijawahi.

Kutoka Reading

Dada yangu, karibuni Italia, na mama apokee shikamoo yangu.

Nianze na postikodi, maana ndiyo iliyotuhangaisha siku ya kwanza. Ya Uingereza inakupeleka kwenye nyumba chache za mtaa mmoja. Ya Italia ina tarakimu 5 na inabeba mji mzima au kipande kikubwa cha jiji, kwa hiyo ukiiandika peke yake utaambiwa umefika wakati hujafika popote. Andika mtaa, namba ya nyumba, mji na mkoa. Kisha itazame ramani yote kabla ya kuwasha gari. Mwaka 2009 wageni wawili kutoka Uswidi walikuwa wanakwenda kisiwa cha Capri. Herufi zikapishana ikawa Carpi, na GPS ikawafikisha Carpi kweli, mji wa kaskazini, kama kilomita 650 kutoka walikokusudia. Florence nako kuna jambo lake: mtaa mmoja una namba za aina mbili. Za biashara ni nyekundu, na kwenye anwani zinafuatwa na herufi r. Za makazi ni buluu au nyeusi. 12 na 12r si lazima ziwe jirani.

Ila kubwa kuliko yote ni ZTL. Tafadhali kariri herufi hizo tatu. Ni maeneo ya katikati ya miji ambako gari lisilo na kibali haliingii. Hakuna geti wala askari. Kuna alama ya duara jeupe lenye ukingo mwekundu, kamera, na mara nyingi kibao cha taa. "Varco attivo" maana yake zuio linafanya kazi, usipite. "Varco non attivo" ndipo unaruhusiwa. Mtu asiyejua Kiitaliano akiona "attivo" anadhani njia iko wazi, na mimi ndivyo nilivyodhani. Tulikuwa mji mmoja wa Toscana, saa tano asubuhi, simu inasema nyoosha mita 200, nyuma yangu mtu anapiga honi. Nikanyoosha. Simu iliijua njia, haikujua kwamba mimi sina ruhusa ya kuipita. Nilipoona watu wananiangalia nikakata kona nitoke, nikapita kamera ya pili.

Tukarudi nyumbani, tukasahau. Miezi miwili baadaye kampuni iliyotukodisha gari ikakata pesa kwenye kadi yangu. Nilipouliza nikaambiwa hiyo si faini, ni ada ya kupeleka jina langu kwa wanaodai. Faini zenyewe zilifika mwezi wa saba tangu safari, bahasha mbili, moja kwa kila kamera. Sheria yao inawapa siku 360 kumfikishia barua mtu anayeishi nje, kwa hiyo ukimya usikupe matumaini.

Hoteli nyingi za ndani ya ZTL husajili namba ya gari la mgeni. Waandikieni mapema muwaulize. Lakini ningekuwa wewe, gari la Florence ningeliacha kabisa. Kutoka Pisa pandeni treni, ni kama saa moja tu, na gari mchukue siku ya kwenda Siena.

Barabarani, simu akae nayo baba watoto, asome na vibao, wewe mikono yako ni ya usukani. Kipilefti cha huko unakiingia kwa kulia, na unaowapisha wanatoka kushoto kwako. Pakueni ramani mkiwa nyumbani, kwani kampuni kadhaa za simu za Uingereza siku hizi zinatoza intaneti ya Ulaya.

Kutoka Munich

Naongeza kwa wanaokuja na magari yao kupitia Calais, bandari ya Ufaransa. Kwenye GPS zimeni tahadhari ya kamera za mwendo kabla ya kuvuka. Ufaransa imepiga marufuku tangu 2012 kifaa kinachoonyesha kamera ilipo, na faini inafika euro 1,500. Ujerumani ni euro 75 na pointi moja ya leseni, na mwaka 2023 mahakama ya Karlsruhe ilisema hata programu ikiwa kwenye simu ya abiria, dereva ndiye mwenye kosa. Uswisi wanakichukua na kifaa chenyewe. Na GPS ikiona njia fupi ya kwenda Italia inaweza kukuingiza barabara kuu za Uswisi, ambako unatakiwa uwe na stika ya kulipia barabara, faranga 40. Ukikamatwa huna, ni faranga 200 juu ya bei ya stika.

Kutoka Leicester

Ahsanteni sana, Mungu awazidishie. Tumekubaliana treni. Wenye shamba wamenitumia viwianishi vya ramani, yaani namba za mahali penyewe, maana barabara yao ya vumbi haina jina; nimeviingiza, pini imekaa katikati ya mizeituni. Swali la mwisho: gari tulichukue wapi Florence bila kuanguka kwenye hiyo ZTL?

Kutoka Reading

Uwanja wa ndege wa Peretola, dada, si ofisi za mjini. Tramu ya T2 inatoka katikati ya jiji mpaka pale, na mama hatapanda ngazi nyingi. Mkikabidhiwa gari, piga picha ya pleti na kila mkwaruzo kabla hamjatoka maegeshoni.