Leseni ya kaunti na leseni ya jimbo zima: mkandarasi wa umeme Florida anaruhusiwa kufanya kazi wapi?

Swali

Ndugu zangu, naomba ufafanuzi kwa wenye uzoefu wa ukandarasi wa umeme nchini Marekani, hasa Florida. Nina cheti cha umahiri nilichopewa na kaunti ninayoishi baada ya kufaulu mtihani wake, na cheti hicho nimekisajili kwenye idara ya jimbo inayosimamia biashara na taaluma, nikapewa nambari inayoanza na herufi ER. Kwa kuwa nambari yenyewe imetoka jimboni, niliamini kwamba inaniruhusu kufanya kazi popote ndani ya Florida.

Mwezi uliopita mteja wa kaunti jirani aliniita nimbadilishie sanduku la breka, kutoka ampea 100 hadi 200. Nilipopeleka maombi ya kibali, karani aliisoma nambari yangu, akaigeuza skrini yake nione, akaweka kidole kwenye zile herufi mbili na kuniambia kwamba ombi haliwezi kupokelewa. Wakati huo nilikuwa nimeshanunua vifaa na mteja alikuwa ameshatoa malipo ya awali. Je, tofauti ya leseni hizi mbili ni ipi hasa, na je, nikatafute cheti cha kaunti ya pili au nifanye mtihani wa jimbo?

Jibu la kwanza

Pole sana, ndugu. Kosa hili hufanywa na watu wengi, na kwa maoni yangu lawama kubwa ni ya maneno yenyewe. Sheria ya Florida inawagawa wakandarasi wa umeme katika makundi mawili: aliyesajiliwa, ambaye ndiye wewe mwenye ER, na aliyethibitishwa, ambaye nambari yake huanza na EC. Mtu akisikia kwamba amesajiliwa na jimbo hudhani kwamba amepewa jimbo zima, kumbe usajili huo ni jimbo kuandika katika daftari lake kwamba kaunti fulani imempima na kumkubali. Uwezo wako umethibitishwa na kaunti, kwa hiyo mipaka ya kazi yako ni mipaka ya kaunti au mji uliokupa cheti. Aliyethibitishwa amepimwa na jimbo lenyewe kupitia Bodi ya Leseni za Wakandarasi wa Umeme, kwa mtihani wenye sehemu ya ufundi na usalama na sehemu ya biashara, na hakuna kaunti inayoweza kumtaka afanye mtihani mwingine wa umahiri.

Hata hivyo, usidhani kwamba mwenye EC hupita bila kuulizwa. Kibali cha kazi hutolewa na ofisi ya ujenzi ya mahali husika, naye atakiomba kama wewe, ataonyesha bima yake, atalipa ada, na mkaguzi wa pale pale ndiye atakayefungua lile sanduku na kuangalia kama skrubu za nyaya zimekazwa inavyotakiwa na kama waya wa ardhi umefungwa mahali pake. Leseni ya jimbo hujibu swali moja tu, yaani kama mtu huyu anastahili kuomba. Kama kazi yake ni nzuri, hilo huamuliwa na mkaguzi.

Kuna pia karatasi ya tatu ambayo huchanganywa na hizi mbili, nayo ni risiti ya kodi ya biashara ya kaunti au mji. Zamani Florida iliiita leseni ya kazi, na ingawa jina lilibadilishwa mwaka 2007, wapo wanaoitundika ukutani na kumwonyesha mteja kana kwamba ni ushahidi wa ufundi. Hiyo ni kodi tu, na haithibitishi kwamba mwenye nayo anajua kuunganisha hata swichi ya taa.

Jibu la pili

Mimi niko Missouri, na nadhani mfano wa huku utasaidia kuonyesha kwamba majimbo hayafanani. Kwa miaka mingi leseni za umeme hapa zilikuwa mikononi mwa miji na kaunti peke yake, na mkandarasi aliyefanya kazi pande zote za eneo la St. Louis alijikuta na kadi nyingi kama mchezaji wa karata. Siku hizi jimbo linatoa leseni ya mkandarasi wa umeme kwa anayeitaka, bila kumlazimisha, na aliye nayo hawezi kudaiwa leseni ya ufundi ya mji. Masharti yake ni pamoja na bima ya dhima ya dola 500,000, mtihani, na saa 12,000 za kazi zinazoweza kuthibitishwa, ambazo hupungua kwa mwenye elimu fulani ya fani hii. Lakini mji bado unaweza kudai dhamana yake, kibali chake na ada yake ya biashara, kwa hiyo kadi zimepungua, karatasi hazijaisha.

Illinois, jirani zetu, hawana kabisa leseni ya jimbo ya mkandarasi wa umeme, na kila mji una utaratibu wake. Chicago inataka nyaya zipitishwe ndani ya bomba la chuma hata katika nyumba ya kuishi, jambo ambalo fundi aliyezoea kebo za kawaida hulijua siku mkaguzi anapomwambia avunje ukuta.

Jibu la tatu

Naongeza mambo mawili tu. Kwanza, neno jimbo zima linahusu mahali, si ukubwa wa kazi. Georgia ina leseni ya jimbo ya daraja la kwanza inayoruhusu umeme wa fezi moja usiozidi ampea 200, na anayetaka zaidi ya hapo lazima awe na daraja la pili. Pili, kwa Florida, leseni ni ya mtu, na kampuni hufanya kazi kupitia kwake. Akiondoka, kampuni ina siku 60 za kumpata mwingine anayestahili. Ukiajiriwa na kampuni yenye EC, unafanya kazi chini ya leseni hiyo, na ER yako haikuongezei chochote katika kaunti nyingine.

Kuhusu swali lako la mwisho, ningeangalia wateja wako wanatoka wapi. Ikiwa ni kaunti mbili na zitabaki mbili, cheti cha pili kinatosha. Ikiwa simu zinatoka kila upande, fanya mtihani wa jimbo mara moja, kwa sababu kila kaunti ya ziada ina mtihani, ada na tarehe zake za kukumbuka.

Muuliza swali

Nawashukuru wote. Nimeangalia daftari la simu zangu za mwaka huu na kukuta wateja wametoka kaunti tano, kwa hiyo nimeamua kuomba EC. Mteja wa lile sanduku nimemkabidhi kwa mkandarasi aliyethibitishwa, ambaye amekubali kuvinunua vifaa nilivyokuwa navyo, na kibali kimeombwa kwa jina lake.