Monita ya tatu juu ya meza ya MDF: stendi inacheza na upande mmoja umeshuka

kireka_dev

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa ufundi.

Nina stendi ya dukani ya monita mbili: nguzo ya duara ya milimita 35, urefu sentimita 45, mikono miwili yenye viungo, na klampu inayobana ukingo wa meza. Meza ni MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) ya milimita 16, upana sentimita 140 na kina sentimita 60, miguu ni bomba jembamba la chuma. Monita zote mbili ni Dell za inchi 24 za mitumba, kila moja kilo tatu na nusu hivi bila mguu wake.

Nataka kuongeza ya tatu, moja katikati na mbili pembeni. Lakini matatizo yapo hata kabla ya hiyo ya tatu. Nikichapa, skrini zinacheza. Na ya kulia imeshuka karibu sentimita moja kuliko ya kushoto, hata nikaze vipi. Nafikiria kwenda kwa mafundi wa chuma wa Katwe, hapa Kampala, wanichomelee nguzo nene, bomba la mraba la 40 kwa 40, na boriti ya kulala ya kubeba zote tatu. Nyumba ni ya kupanga, kutoboa ukuta sitaki. Nguzo nene itamaliza kazi? Na boriti iwe na urefu gani?

nondo_na_mbao

Nguzo yako haina ugonjwa, ndugu. Mgonjwa ni meza.

Angalia hesabu. Monita tatu na mikono yake ni kama kilo 12. Uzito huo hauko juu ya nguzo, uko mbele yake, tuseme sentimita 30. Klampu inaushika kwa bati lenye kina cha sentimita 8 hivi. Zidisha 12 kwa 30, gawanya kwa 8: unapata 45. Yaani ukingo wa meza unabeba mkandamizo wa kilo 45 mahali padogo kama kiganja, usiku na mchana, na MDF ya milimita 16 haikuumbwa kwa hilo. Inabonyea polepole, klampu inalegea, unakaza, inabonyea tena. Ukiweka nguzo ya 40 kwa 40 utakuwa umeongeza uzito wa chuma juu ya ubao uleule.

Kuthibitisha: ingiza kipande cha karatasi chini ya bati la stendi, upande wa nyuma, kisha vuta ncha ya juu ya nguzo mbele kwa kidole. Karatasi ikichomoka kirahisi, bati linanyanyuka. Halafu shika meza yenyewe kwenye kona, itikise bila kugusa stendi. Kama skrini zinacheza kiasi kilekile cha wakati wa kuchapa, basi miguu ya meza nayo imo kwenye kesi.

Dawa ya ubao: tafuta kipande cha plaiwudi ya milimita 18, sentimita 40 kwa 30. Kwa wauza mbao wa Ndeeba, Kampala, hukosi mabaki ya saizi hiyo. Kipake gundi ya mbao, kibandike chini ya meza mahali pa klampu, kifunge kwa skrubu za 4 kwa 30 kama kumi na mbili. Toboa kwanza kwa biti ya milimita 2.5, maana MDF hupasuka ukilazimisha. Skrubu ya 30 inapita plaiwudi 18 na kuingia MDF milimita 12. Ukichukua ya 40 itatokea juu mezani. Acha gundi ikauke hadi kesho yake. Kisha weka bati la chuma la milimita 4, sentimita 10 kwa 25, juu ya meza chini ya stendi, na lingine kama hilo chini ya plaiwudi. Hapo ile 8 ya kwenye hesabu inakaribia 25, na mkandamizo unashuka hadi kilo 15 hivi.

Ila pima mdomo wa klampu kabla hujanunua chochote. Unene utakuwa 4 + 16 + 18 + 4, jumla milimita 42. Kama klampu haifunguki kiasi hicho, itupe. Toboa tundu la milimita 11 kwenye meza, pitisha boliti ya M10 (yaani ya kipenyo cha milimita 10) kutoka kwenye bati la stendi, na chini weka nati ya nailoni. Mimi ningefanya hivyo hata kama klampu inatosha.

Na usiweke mpira mnene chini ya bati eti usikwaruze meza. Mpira laini ni springi. Ukitaka kinga, kipande kimoja cha tyubu ya baiskeli kinatosha, wala kisikunjwe mara mbili.

Miguu: kwa mtikisiko wa kulia na kushoto, funga mabapa mawili ya chuma ya 25 kwa 3 nyuma ya meza, yapishane kwa umbo la X, boliti za M6. Bapa moja halitoshi, kwa kuwa likivutwa linafanya kazi lakini likisukumwa linapinda. Kwa mtikisiko wa mbele na nyuma, X hiyo haisaidii hata kidogo. Kwa kuwa hutaki kutoboa ukuta, kata vipande viwili vya mbao vijae nafasi kati ya meza na ukuta, vigandishe mezani, ncha inayogusa ukuta iwe na mpira kidogo. Usiibane meza moja kwa moja ukutani, mikono yenye viungo inahitaji sentimita 10 hadi 15 nyuma ya nguzo ili viwiko vyake vipate pa kukunjikia.

skrini_pembeni

Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu meza. Naongezea kuhusu ile ya kulia inayoshuka, maana hiyo haitokani na meza. Ingekuwa meza, zote mbili zingeinama mbele pamoja.

Ni uwazi kwenye viungo. Kola inayozunguka nguzo ina kimo cha milimita 50 hivi. Ikiwa na uwazi wa milimita 1 tu, na monita iko milimita 500 kutoka kwenye nguzo, ncha inashuka milimita 10. Ndiyo sentimita yako hiyo. Kukaza zaidi hakusaidii kwa sababu boliti imeshafika mwisho wa kola, kingo zake mbili zinagusana.

Shusha monita kwanza, toa kola, zungushia nguzo ukanda uliokatwa kwenye kopo la soda. Bati lile ni jembamba sana, takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo unaongeza mzunguko mmoja baada ya mwingine mpaka kola ibane kabla kingo hazijagusana. Piga msasa makali ya ukanda, hukata vidole. Ukimaliza hapo, nenda kwenye kiwiko, kisha kwenye kichwa cha monita. Kila kiungo kina boliti yake ya alenki (ya ufunguo wa pembe sita). Kaza robo mzunguko, jaribu, kaza tena. Kiwiko kibaki na ugumu kidogo wa kusukuma kwa mkono. Ukikikaza mpaka mwisho unatafuna bushi ya plastiki na uwazi unarudi mkubwa zaidi.

Sasa boriti. Watu hukimbilia chuma kinene bure. Bomba la mraba la 25 kwa 25 lenye unene wa milimita 1.5, likibeba monita ya kilo 4 kwenye ncha ya sentimita 54, linapinda chini ya milimita 1. La 40 kwa 40 la milimita 2 linapinda chini ya robo ya milimita. Tofauti hiyo jicho halioni. Kinachoonekana ni kiungo kati ya boriti na nguzo, na umbo: bomba la duara huzunguka ndani ya kola uzito ukiwa mbele, la mraba haliwezi. Chukua mraba, 30 au 40, chochote fundi alicho nacho.

Urefu unategemea pembe, na hapa ndipo stendi nyingi za kuchomelea zinapoharibika. Monita ya inchi 24 ina upana wa sentimita 54, nusu yake 27. Ukiziweka bapa zote tatu, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine ni 54. Lakini hukai hivyo, unazigeuza za pembeni zikuelekee, tuseme nyuzi 30. Umbali unapungua hadi 27 + 23.4, yaani 50.4, ongeza nusu sentimita ya kupumulia. Na ukingo wa ndani wa monita ya pembeni unarudi nyuma sentimita 13.5. Boriti ikiwa imenyooka na vichwa vyote vinalingana, ukingo huo unajificha nyuma ya monita ya kati. Kwa hiyo vichwa vya pembeni lazima vitoke mbele sentimita 13.5 kuliko cha kati, ama kwa kijibomba kifupi, ama kwa kuikunja boriti. Ukipendelea nyuzi 20, namba ni 52.4 na 9.2.

Jambo lingine: kwa nyuzi 30 upana wote utakuwa kama sentimita 147 na meza yako ni 140. Zitachungulia nje kidogo kila upande. Si kosa, ila mlango usiwe karibu.

kireka_dev

Asanteni sana, wakuu. Katwe inasubiri basi, naanza na plaiwudi. Mawili ya nyongeza. Monita ya tatu ninayopata kwa bei nzuri ni ya inchi 22 na haina yale matundu manne nyuma, mguu wake umeingia moja kwa moja kwenye kava. Naweza kutoboa kava? Na je, mkono wa gesi (wenye springi ya gesi ya kubeba uzito) wa kujitegemea kwa hiyo ya kati si ungekuwa rahisi kuliko boriti?

vidole_kumi

Usitoboe kava. Nyuma ya plastiki ile kuna bati jembamba na bodi ya umeme, na kwenye monita nyingi za bei nafuu plastiki imefungwa kwa vishikizo tu. Ukiibebesha uzito wote, itabanduka siku moja ukiwa umetoka. Kuna adapta za makucha zinazoshika kingo za skrini juu na chini, zinafanya kazi, lakini zinaongeza sentimita kadhaa za unene, kwa hiyo skrini hiyo itakaa mbele ya wenzake. Kwa stendi ya monita tatu, kubali kulipa zaidi upate yenye matundu. Tena ya inchi 24: ukichanganya 22 na 24 kingo hazilingani, na kama idadi ya pikseli inatofautiana kipanya kinaweza kukwama kwenye kona ukivuka.

Matundu yenyewe ni kiwango cha VESA, milimita 100 kwa 100 au 75 kwa 75, skrubu za M4. Za 100 zinakubali monita hadi kilo 14, za 75 hadi kilo 8. Urefu wa skrubu pima mwenyewe: ingiza kijiti cha meno mpaka kigote, weka alama, pima. Jumlisha unene wa bati la kichwa na washa (pete ya skrubu), punguza milimita 2. Kwa tundu la milimita 10, bati la 3 na washa ya 1, inatoka M4 ya 12. Skrubu ndefu inaweza kusukuma kioo kwa ndani ukaona doa jeupe lisilofutika.

Mkono wa gesi ni mzuri, lakini soma uzito wa chini pia, watu husoma wa juu tu. Mkono ulioandikwa kilo 3 hadi 9 ukiupa monita ya kilo 2.5, unapanda wenyewe hata ulegeze vipi. Unarekebishwa mkono ukiwa umelala sawa na meza, monita ikiwa imefungwa: ikishuka zungusha alenki upande wa +, ikipanda upande wa −. Na siku ya kutoa monita, pandisha mkono juu kabisa kwanza. Ukifungua ukiwa chini, unafyatuka na kukupiga kidevuni.

Kwa hali yako, gesi katikati na mikono yako ya zamani pembeni itafaa, mradi kila klampu ipate plaiwudi yake chini. Hapo boriti huihitaji.

nondo_na_mbao

Gesi katikati ni sawa, ila kumbuka inaongeza klampu ya pili karibu na ya kwanza. Plaiwudi iwe ya sentimita 60 badala ya 40, klampu ziachane angalau sentimita 20.

Ukiamua boriti baadaye, mpe fundi mchoro wenye namba, si picha ya simu. Mabati ya vichwa yawe 120 kwa 120, unene milimita 3, na matundu yasiwe duara. Mwambie ayafanye marefu kwenda juu, milimita 5 kwa 12, ndiyo yatakayokuokoa kusawazisha kwa pimamaji, kwa maana chuma kikichomelewa upande mmoja huvutika upande huo. Achomelee nukta kwanza pande zote, mpime, ndipo amalize. Kama bomba lina rangi ya zinki, aikwangue kwa grainda kabla, moshi wake ni sumu. Monita ziache nyumbani siku hiyo, na matundu yote yatobolewe kabla ya kurudi mezani. Chembe za chuma ndani ya matundu ya hewa ya monita ni shoti inayosubiri.

Kebo: nunua za mita 2, acha kitanzi cha urefu wa kiganja kwenye kila kiwiko, funga kwa velkro. Ukikaza kwa zip tai, kila ukisogeza mkono unang'oa soketi ya HDMI kidogo kidogo. Umeme wa monita tatu za inchi 24 ni mdogo, ekstensheni moja inatosha. Ukitaka kuzipitisha kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), zijumlishe na kompyuta ndipo uchague saizi yake.

kireka_dev

Nimepima klampu, inafunguka milimita 50. Plaiwudi ya 60 kwa 30 basi, na boliti ya M10 kwa nguzo ya zamani. Miguu nitaifunga X wiki hiyohiyo.

skrini_pembeni

Sawa. Ukitoboa tundu la M10, lisogeze angalau sentimita 6 kutoka ukingoni, MDF hukatika ukingoni kama biskuti. Na ukingo wa ndani wa tundu upake gundi ya mbao. Maji yakimwagika mezani, hapo ndipo yanapoingilia na ubao unavimba.