MREJESHO: Kijana wangu na sindano ya desmopresini

Wakuu, nilileta uzi hapa kuuliza kama kijana wangu mwenye hemofilia A isiyo kali (ugonjwa wa kurithi, damu haigandi vizuri kwa upungufu wa faktari namba 8, protini ya kugandisha damu) anaweza kung'olewa jino kwa kuchomwa desmopresini, dawa ya kupandisha faktari hiyo, badala ya kuwekewa faktari yenyewe. Jibu: ameweza, jino limetoka.

Ila hawakukurupuka. Wiki moja kabla walimchoma sindano ya majaribio, wakapima faktari kabla na baada ya saa moja. Ikapanda vizuri. Daktari alinieleza dawa haiongezi kitu kipya, inafungulia akiba iliyo kwenye kuta za mishipa. Ndiyo maana mwenye hemofilia kali haimfai, hana akiba. Kwa hemofilia B (hiyo ni upungufu wa faktari namba 9) nayo haisaidii kabisa. Kwa ugonjwa wa von Willebrand, tatizo jingine la kurithi la damu kutoganda vizuri, aina ya 1 mara nyingi inafaa. Aina ya 2B kwa kawaida wanaiepuka.

Kasheshe ilikuwa maji. Dawa inazuia mkojo, maji yanabaki mwilini, kwa hiyo saa 24 anakunywa kwa kipimo, chumvi ya damu isije ikashuka akapata degedege. Joto la Kirumba hapa Mwanza mnalijua! Bibi yake kamletea jagi zima la juisi, nikalificha.

Tranexamic, dawa ya kusaidia damu iliyoganda isiachie, tunaendelea nayo siku saba. Shukrani kwa aliyeniambia niulizie kwanza hiyo sindano ya majaribio.