MREJESHO: Bingo ya vitabu, Kisumu

Asanteni sana, ndugu wasomaji. Niliuliza mbona kikundi chetu cha watu 12 kilikwama kwenye bingo ya vitabu, mchezo ambao kila mraba wa kadi hutaja aina ya kitabu cha kusoma: kadi ya miraba 25, miezi 3. Tulifuata ushauri wa kuipunguza iwe 4 kwa 4, na ushindi ni mstari mmoja, yaani vitabu 4 tu. Tisa wamemaliza! Mraba wa "tamthilia ya Kiswahili" ndio uliochelewesha wengi; nakala ilikuwa moja, ikazunguka mikononi hadi jalada likabanduka.

Kubadilishana vitabu vilivyofungwa kwa gazeti, kidokezo cha maneno matatu juu, hakukufaulu: watatu walipata walivyokwisha kusoma. Awamu ijayo kila mtu ataorodhesha kwanza alivyosoma, ndipo tufunge.