Naomba ushauri: majibu ya damu ya maksai yananichanganya

Shikamooni wakubwa, na wataalamu wa mifugo mliomo humu. Niko Sikonge, Tabora, na mbung'o huku wapo. Maksai wangu anakonda, manyoya yamesimama, homa inakuja na kuondoka, ila majani anakula. Maabara wamesoma slaidi: vijidudu vya ndorobo (ugonjwa unaoenezwa na mbung'o) havikuonekana, vya ndigana (unaoenezwa na kupe) vilevile. Lakini PCV (asilimia ya chembe nyekundu katika damu) ni 17, na ya ng'ombe mzima huanzia kama 24. Dawa ya minyoo nimempa, hakuna nafuu. Bwana mifugo anataka tumchome ya ndorobo tu. Mimi sipendi kuchoma kwa kubahatisha, vijidudu huzoea dawa.

Je, slaidi moja safi inatosha kusema hana ndorobo? Na tukirudia, damu itolewe akiwa na homa, ya sikioni au ya shingoni?